Maji Yasiyoondoka

Katika maafa yote yashukayo juu ya mwambao wetu, upepo ndio ubebao jina baya kuliko mengine, kwa kuwa upepo una sauti, una saa ya kufika na saa ya kuondoka, na huacha nyuma yake ushahidi ambao hata mtoto aweza kuusoma: paa lililofunuliwa, mnazi uliolala, jahazi lililotupwa juu ya mchanga. Vizazi na vizazi vya Unguja vimesimuliana habari za tufani ya tarehe 15 Aprili 1872, iliyozamisha bandarini merikebu za Sultani Seyyid Barghash bin Said na kuangamiza takriban theluthi mbili ya mikarafuu ya kisiwa, ilhali Pemba ikasalimika. Na huko kusini, wazee wa Lindi hawajaisahau ile ya Aprili 1952. Haikuwa ajabu, basi, kwamba mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipojongea kutoka bahari kuu kikielekea Mafia, redio zilinena habari zake usiku na mchana, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, na pwani nzima ikatega sikio. Kikafika tarehe 4 kikiwa kimekwisha kupungukiwa nguvu. Kikamwaga mvua, kikaikata barabara ya Lindi huko Somanga, kisha kikafa.

Lakini katika Delta ya Rufiji, wakati watu walipokuwa wakiungoja upepo, maafa yalikuwa yamekwisha kuingia kwa mlango mwingine. Tangu Aprili mto ulikuwa umefurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mashamba yamo chini ya maji na watu wamehama makwao, na maji hayo hayakuwa na kishindo wala hayakupewa jina na mamlaka yoyote. Nina dai moja tu la kulitetea hapa, nalo ni kwamba msitu wa mikoko aghalabu hauuawi na upepo upitao bali na maji yakaayo, na kwamba kufufuka kwake nako hutegemea jambo lile lile, yaani kama maji yanayo njia ya kuondoka.

Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba 177,000 hivi, karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara, ukiwa umeunganisha Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kabla ya kutanda katika nyanda za chini. Na ukaribiapo bahari hauingii kwa mlango mmoja, bali hujigawa katika mikono mingi, Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo, na baina ya mikono hiyo umeota msitu uzidio hekta 50,000, ambao ni karibu nusu ya mikoko yote ya Bara na ndio mkubwa kuliko yote iliyo kipande kimoja katika mwambao wa Afrika Mashariki. Atokaye Kibiti kwa gari hufika bandari ya Nyamisati, na hapo, kama maji yamekupwa, hana budi kuketi na kungoja, awe tajiri au maskini. Mbele kabisa, penye kupigwa na mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, uliojiinua juu ya tope kwa mizizi iliyopinda. Kisha msinzi na mkandaa. Mchu huota mahali pengi, kwa sababu huvumilia chumvi ambayo miti mingine haiwezi kuistahimili. Na nyuma, jirani na nchi kavu, ambako maji baridi ya mto huyashinda maji ya bahari, ndiko makao ya mkomafi na ya msikundazi.

Ardhi ya msitu huu si ardhi kwa maana aijuayo mtu wa bara, bali ni tope lililoteremshwa na mto kutoka milima ya mbali, likatua, likashikwa na mizizi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, yenye urefu wa mita 115, ilijificha humu mwaka 1914 baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, nayo ikafikwa na ajali yake katika mkono mmoja wa mto huu mwezi Julai 1915. Watu wakang'oa vyuma walivyoweza, na vilivyosalia tope likavimeza. Msomaji aliyeko mbali na atumie habari hiyo kukadiria wingi wa udongo upitao mahali hapa.

Ama upepo, huku ni mgeni wa nadra. Delta ipo takriban nyuzi 8 kusini ya Ikweta, na tufani za Bahari ya Hindi huhitaji umbali na Ikweta ili zipate kuzunguka, fauka ya kwamba nyingi zielekeazo magharibi hukutana kwanza na kisiwa cha Bukini. Kimbunga Kenneth kilichopiga Cabo Delgado mwezi Aprili 2019, ng'ambo tu ya Ruvuma, kilitukumbusha kwamba nadra si kamwe.

Mwenye kutaka kujua tufani huifanyia nini mikoko hana haja ya kuingoja tufani. Na amwendee mkata boriti. Kwa karne nyingi majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalipakia miti ya Rufiji kuipeleka Oman, Uajemi na miji ya Ghuba, nchi zisizokuwa na miti ya kujengea, hata upana wa vyumba vya huko ukafuata urefu wa boriti zilizotoka huku. Miti ilihesabiwa kwa korja, yaani 20, na kila unene ukawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Watu walioishi kwa kazi hiyo waliijua tabia ya kila mti ukatwapo, na elimu yao ndiyo ile ile ambayo wataalamu wa tufani waliipata baadaye kwa njia ndefu. Mchu ukikatwa huchipua kisikini, tena kwa ghera, machipukizi yakagombania nafasi hata mtu akalazimika kuyapunguza, mkomafi kadhalika. Lakini mkoko uliokomaa ukikatwa shina umekwisha, kwa maana macho ya kuchipulia, yaliyomo katika matawi machanga, hufa kadiri mti unavyozeeka, na gogo lake halina akiba ya uhai. Mkandaa nao ni wa nasaba hiyo hiyo na aghalabu una taksiri hiyo hiyo.

Sasa mtu atie upepo mahali pa shoka. Tufani ikipita juu ya msitu na kuyavua matawi, mchu utaonekana mtupu kama uliokufa, na baada ya miezi utaanza kuchanua majani juu ya shina lake lenyewe. Mkoko uliovunjwa kichwa hautarudi, hata kama ungali umesimama wima na mizizi yake ingali imelishika tope. Hivyo watazamaji wawili wawezao kufika mahali pamoja, mmoja akatazama upande wa mchu na mwingine upande wa mkoko, watatoka na habari mbili zinazopingana, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Mkoko hauna tumaini ila katika watoto wake; na hapa kudura imeweka jambo la kustaajabisha, kwamba bahari iliyoinuliwa na tufani ndiyo inayowaokoa watoto hao, kwani miche mifupi iliyodumaa kivulini hufunikwa na maji yaliyojaa wakati upepo unapovunja juu yake, na maji yakipwa, miche hujikuta katika nuru ambayo haikupata kuiona tangu ilipoota.

Niliwahi kuzitazama mbegu hizo karibu na Nyamisati, maji yakipwa na mtumbwi ukiwa umekwama kwenye tope. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikaning'inia ikiwa mche mzima, yenye urefu wa shubiri mbili na zaidi, kijani, nyembamba juu na nene chini, ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia. Ikishapevuka hujivua kofia yake na kuanguka. Ikiangukia tope tupu huweza kusimama papo hapo. Ikiangukia maji huelea, kwanza imelala, kisha baada ya majuma huanza kuinama upande wa mizizi, mpaka inasafiri wima, tayari kukamata chini popote itakapogusa. Chini ya mkoko mmoja kaa mdogo mwenye gando jekundu alikuwa ameukamata mche uliotoka kuanguka, akiuvuta kuelekea shimoni mwake. Mche ukawa mrefu kuliko alivyokadiria, akaushindilia nusu, nusu ikabaki nje imesimama kama uliopandwa na mtu. Kaa hao hula miche mingi mno, hata wakulima wa mpunga huwalaani. Lakini mashimo yao ndiyo yaingizayo hewa na maji katika tope ambalo vinginevyo lingekuwa sumu tupu, na msitu usiokuwa na kaa haungekuwa msitu kwa muda mrefu.

Hewa ndiyo kiini cha jambo. Tope la mikoko halina hewa, na kila mti umebuni hila yake ya kupumua: mkoko kwa magoti yake yaliyo juu ya maji, msinzi kwa mizizi inayojikunja na kuchomoza, mchu kwa maelfu ya vijiti vinavyosimama juu ya tope kuuzunguka mti pande zote. Hila zote hizo zinategemea ahadi moja, kwamba maji yaliyojaa yatakupwa. Mara mbili kila siku hutimizwa ahadi hiyo, bamvua na maji mafu, na msitu huishi baina ya maji mawili. Bahari ikiufunika msitu kwa saa kadhaa, haidhuru. Maji yakizuiliwa yasiondoke kwa majuma, au tope jipya likitua likavifukia vijiti vile vya mchu, mti hufa kwa kukosa pumzi, na hufa polepole, majani yakiwa ya kijani bado wakati mauti yamekwisha ingia mizizini.

Kwa sababu hiyo hesabu inayofanywa juma moja baada ya tufani ni hesabu isiyo na insafu. Marekani, katika jimbo la Florida, kimbunga Irma kilipita mwezi Septemba 2017, na mikoko mingi iliyopoteza majani ilirudi kuchipua. Lakini katika mabonde ya chini, ambako maji ya bahari yaliingia yakakosa pa kutokea, zaidi ya hekta 10,000 ziliendelea kufa muda mrefu baada ya upepo kusahauliwa. Katika kisiwa cha Guanaja, Honduras, ambako kimbunga Mitch kiliangamiza karibu mikoko yote mwaka 1998, msiba ulikwenda mbali zaidi: mizizi ilipooza, ardhi iliyokuwa imejengwa na mizizi hiyo ikanywea na kushuka, na mahali palipokuwa msitu pakawa chini mno kuweza kupokea mche mpya. Hapo mbegu haina kosa, wala si kwamba hakuna wa kuipanda. Ni kiwanja chenyewe kilichoondoka.

Rufiji imekwisha pata sehemu yake ya kifo hicho cha polepole, tena bila upepo wowote. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta gharika ambayo mashariki yote ya Afrika inaikumbuka. Huko Mombasa, katika mkono wa bahari wa Mwache, udongo ulioteremshwa na mvua ulifukia mikoko ikafa. Katika delta, msiba uliuangukia msikundazi. Huu ni mti wa heshima, wenye mbao ngumu ambazo waundaji wa vyombo walizitafuta kwa ajili ya milingoti, majani yake yana rangi ya fedha upande wa chini, na mizizi yake husimama kama mbao zilizopangwa kando ya shina. Kwa kuwa hukaa nyuma ya msitu, jirani na nchi kavu, mtu angedhani kwamba ndio ulio salama kuliko yote, na kwa upepo na mawimbi ni kweli. Ila gharika ya mto huingia kwa nyuma. Watafiti Paul Erftemeijer na Olivier Hamerlynck, walioandika habari zake mwaka 2005, waliikuta misikundazi imekufa imesimama, eneo zima, na sababu wakaiona katika mafuriko yale. Mti uliozoea maji baridi uliuawa na maji baridi. Ulipatwa na kile kile ambacho umekipenda, kwa kipimo kisichokuwa chake.

Nimetaja mambo haya kwa urefu kwa sababu ya mazoea ambayo yanazidi kuenea kila yanapotokea maafa ya pwani, nayo ni mazoea ya kukusanya watu asubuhi moja, kuwavisha fulana zenye maandishi, kuwapanga katika uwanda wa tope na kupanda miche ya mkoko kwa mistari iliyonyooka, mgeni rasmi akianza. Sisemi kwamba kupanda ni upuuzi. Kuko mahali ambako mbegu haiwezi kufika yenyewe, na hapo mkono wa mtu ni rehema. Lakini mkoko ndio unaopandwa kila mahali kwa sababu tu mbegu yake ni kubwa na ni rahisi kuchomeka, hata pale palipokuwa pa mchu au pa mkandaa, na aghalabu hupandwa katika uwanda ulio mbele ya msitu, ambako mawimbi na maji marefu hayajaruhusu mti kuota tangu zamani. Katika sherehe hizo sijasikia msikundazi ukitajwa. Mbegu yake, ngumu na yenye mkuku, huelea mpaka ufukweni, lakini haipendezi katika picha. Robin Lewis, mtaalamu wa Florida aliyetumia maisha yake katika kazi ya kufufua mikoko, alifundisha kwamba swali la kwanza ni kwa nini miti haipo mahali hapo. Likijibiwa, maji yakafunguliwa njia zake za zamani, mbegu aghalabu zitakuja zenyewe kwa wingi ambao hakuna shule wala taasisi iwezayo kuulipia. Kazi ya jembe hutangulia kazi ya mche, na jembe halina mgeni rasmi.

Mtu atauliza, na wakulima je? Swali ni la haki. Katika miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihama kutoka kusini ya delta ukashika upande wa kaskazini, na maji baridi yalipohamia huko, mpunga ukayafuata. Wandengereko na Wanyagatwa wa vijiji vya kaskazini wakaingia katika mikoko, wakaangusha miti, wakapanda wakati mto unapojaa na kuisukuma chumvi nyuma, wakiishi madunguni katikati ya mashamba mpaka mavuno. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa huzidi, shamba huachwa, na jingine hufunguliwa. Serikali kwa upande wake imeihesabu misitu hii kuwa hifadhi tangu enzi ya Wadachi, mwaka 1898; mwaka 1987 ukataji ukapigwa marufuku, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Bara ambao marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuandaa, mpango uliokubali kwamba watu waishio ndani ya msitu wana haki ya kuutumia kwa kiasi. Baina ya marufuku na kiasi pametokea ugomvi mwingi, watu wakaondolewa, wakarudi. Naona kwamba mkulima amelaumiwa kupita kadiri ya kosa lake. Shamba la mpunga lililoachwa, ambalo maji ya bahari bado yanaingia na kutoka, hupokea mbegu na kuwa msitu tena. Lile lililozibwa, au lililotamalakiwa na magugu ya kangaga kiasi cha mbegu kutogusa tope, hubaki jangwa la kijani. Amri ya kumtoa mkulima haitofautishi baina ya mashamba hayo mawili, ilhali mwenye kulifyeka kangaga na kuufungua mfereji angeweza kuwa mkulima yule yule, kama angelipwa ujira wa kazi hiyo badala ya kuchukuliwa kuwa mhalifu.

Liko jambo jingine lililoingia katika hesabu hii katika siku zetu, kubwa kuliko mkulima na kuliko kimbunga. Huko juu, katika korongo la Stiegler, Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, nalo limekusudiwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Gharika ya 2024 ilipokuja, wapo waliolaumu milango ya bwawa na wapo waliosema kwamba bila bwawa maji yangekuwa mengi zaidi. Mabishano hayo yamechukua nafasi ya swali ambalo delta italiishi kwa muda mrefu zaidi. Mto ukitulia nyuma ya ukuta hulitua tope lake humo, na maji yatokayo ng'ambo ya pili hutoka yamechujwa. Mikoko iliyozidiwa na gharika mwaka 1998 yaweza, katika miaka ijayo, kupungukiwa na tope, wakati bahari inazidi kupanda na ardhi ya delta, kama ya Guanaja, inashuka kila inapokosa mizizi hai na udongo mpya wa kuijaza. Na tufani ikija wakati huo, itaukuta msitu umesimama juu ya ardhi isiyokuwa na akiba.

Kwa hiyo wenye kushika milango ya bwawa wamekuwa wasimamizi wa msitu wa mikoko, wapende wasipende, na mamlaka yao juu yake ni makubwa kuliko ya askari yeyote wa misitu aliyeko Kibiti. Maji ya masika yanaweza kuachiliwa yafike delta kwa wakati wake na yaondoke kwa wakati wake, badala ya kusambazwa mwaka mzima kwa kipimo kimoja kisichojua masika wala kiangazi. Mpunga wa mafurikoni unayahitaji, kamba wa milango ya mto wanayahitaji, na msikundazi unayahitaji, mradi yasiusimamie miezi. Njia ya kulipitisha tope nayo ni kazi ya wahandisi, si ya wapanda miche. Ratiba ya kufungua milango inaandikwa na watu, na inaweza kuandikwa upya, na watu wa delta, wa Salale, Maparoni na Mbwera, wakiwa na mjumbe mezani, kabla ya fulana nyingine kuchapishwa.